Namna ya Kupata Utambuzi wa Kuaminika wa Demensia kwa Mzazi Aliyezeeka

Jibu ambalo familia nyingi hupewa zinapompeleka hospitalini mzee anayesahau ni kwamba huo ni uzee tu, na wengi hulipokea bila kuuliza zaidi kwa sababu wao wenyewe walikwisha kuambiana hivyo nyumbani. Jibu hilo halitoshi. Umri hupunguza kasi ya kukumbuka majina na humfanya mtu atafute miwani aliyoivaa, lakini umri peke yake haumfanyi mfanyabiashara aliyeendesha duka kwa miaka 30 ashindwe kurudisha chenji, wala haumfanyi mama apotee njia ya kurudi kutoka soko analokwenda kila wiki. Mabadiliko ya namna hiyo yana chanzo, na chanzo hicho hutafutwa.

Demensia si ugonjwa mmoja. Ni jina la hali ambayo kumbukumbu, fikra, lugha na uwezo wa kuamua hupungua hadi mtu ashindwe shughuli alizozizoea, na nyuma yake yapo magonjwa kadhaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa wa Alzheimer unahusika katika asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Ipo pia demensia inayotokana na kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo, ambayo kwetu, penye watu wengi wenye presha isiyotibiwa, haifai kusahauliwa kamwe. Ipo ya miili ya Lewy, yaani mabonge madogo ya protini yanayojikusanya ndani ya seli za ubongo. Na ipo ile inayoanzia sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo mara nyingi huharibu tabia kabla ya kugusa kumbukumbu. Utafiti uliofanywa katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta demensia kwa takriban asilimia 6 ya wazee wenye umri wa miaka 70 na zaidi, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kuwa haya ni maradhi ya Ulaya.

Jambo la kuelewa kabla ya kutumia hata shilingi moja ni kwamba katika hospitali zetu hakuna kipimo kimoja cha damu wala picha moja ya ubongo inayoweza, peke yake, kusema kuwa mzazi wako ana demensia au hana. Utambuzi hujengwa kwa kuunganisha historia ya mabadiliko, uchunguzi wa mwili, vipimo vya kuhakikisha kuwa si magonjwa mengine, na maswali ya kupima akili. Katika hivyo vyote, chenye uzito mkubwa zaidi ni historia, na historia hiyo daktari hana. Unayo wewe na watu wanaoishi na mzee.

Kwanza, hakikisha si dharura

Jiulize hali ilianza lini. Mzee aliyekuwa mzima juzi na leo anaongea maneno yasiyoeleweka, anasinzia mchana na kuweweseka usiku, au anakuwa sawa asubuhi na kuchanganyikiwa kabisa ifikapo jioni, huenda hana demensia bali ana kuchanganyikiwa kwa ghafla kunakosababishwa na ugonjwa wa mwili. Kwa wazee, malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, kuishiwa maji mwilini, sukari kushuka au kupanda, na hata kufunga choo kwa siku nyingi vinaweza kuleta hali hiyo bila homa ya kutosha kumshtua mtu. Huyu apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa aliyepooza upande mmoja, aliyepinda mdomo, aliyepata degedege, au aliyeanguka na kugonga kichwa wiki chache zilizopita na sasa anazidi kuwa mzito wa fikra. Kwa wazee damu huweza kuvuja polepole kati ya fuvu na ubongo na dalili zake zikachelewa kwa wiki kadhaa. Hali hii ya mwisho hutibika kwa upasuaji, na ndiyo sababu ni msiba mkubwa inapoitwa uzee.

Usimpime mzee demensia akiwa bado katika hali hiyo ya kuchanganyikiwa. Atibiwe kwanza, arudi nyumbani, akae wiki kadhaa ndipo maswali ya kumbukumbu yaanze.

Andika historia kabla ya kwenda

Chukua daftari na uandike ukurasa mmoja au miwili, si zaidi, kwa sababu daktari mwenye foleni ndefu hatasoma kumi. Anza na dalili ya kwanza kabisa iliyoonekana na wakati wake. Familia nyingi hushindwa kutaja mwaka, lakini hukumbuka matukio: ilikuwa kabla ya harusi ya binti wa pili, au Ramadhani ile mvua zilipokata barabara, au msimu wa mavuno aliposahau kuwalipa vibarua na kisha akawalipa mara mbili. Andika kisha mabadiliko yaliendeleaje: yaliteremka taratibu kama ilivyo kawaida kwa Alzheimer, au yalishuka ghafla, yakatulia, yakashuka tena, kama inavyotokea mara nyingi mishipa ya damu inapohusika.

Kisha eleza shughuli, kwa mifano, wala si kwa maneno ya jumla. Kusema "anasahau sana" hakumsaidii daktari. Kumwambia kwamba mama amepika pilau maisha yake yote na sasa anaweka viungo kabla ya kukaanga vitunguu, au kwamba baba aliyeswalisha msikitini kwa miaka mingi sasa hukaa baada ya rakaa moja na hakubali kukumbushwa, humsaidia sana, kwa kuwa kunaonyesha uwezo uliokuwepo na ambao sasa haupo. Gusa fedha, dawa, mapishi, usafiri, usafi wa mwili na simu. Siku hizi simu hufichua mengi: namba ya siri ya M-Pesa inayofungwa kila mara, pesa zinazotumwa kwa mtu asiyejulikana, au salio linalotoweka huku mzee akidai ameibiwa. Ongeza usingizi, iwapo hupiga mateke na kupiga kelele akiwa ndotoni, mwendo, iwapo anaburuta miguu au anatetemeka, mkojo, na iwapo huona watu au wanyama ambao hawapo. Vitu hivi huonekana vidogo kwa familia, lakini ndivyo vinavyotenganisha aina moja ya demensia na nyingine.

Waulize wengine pia, hasa wale ambao hawaulizwi kamwe: dada wa kazi, jirani, muuza duka, wakala wa pesa, katibu wa kikundi cha kina mama. Mtoto anayepiga simu kutoka Muscat au London kila Ijumaa mara nyingi ndiye wa mwisho kuamini, na si kwa sababu hana upendo. Salamu zetu ni ndefu na zimekaa ndani sana. Mzee anaweza kuitikia shikamoo, kuuliza hali za watoto, kumshukuru Mungu na kuaga vizuri kwa dakika tano nzima bila kutumia kumbukumbu ya jambo lolote jipya. Ukitaka kujua hali yake kwa simu, muulize jana alitembelewa na nani, kisha ulinganishe jibu lake na la mtu mwingine aliyekuwepo nyumbani.

Mwisho wa daftari hilo, andika kiwango chake cha elimu, kazi aliyoifanya, lugha aliyoizoea zaidi, na magonjwa aliyonayo. Utaona sababu mbele.

Kusanya dawa zote

Chukua mfuko na utie humo kila anachomeza, kunywa au kupaka, pamoja na dawa za duka la dawa, dawa za asili, na zile alizogawiwa na jirani. Nasisitiza jambo hili kuliko lingine lolote baada ya historia, kwa sababu dawa ni chanzo cha usahaulifu ambacho hugharimu karibu bure kukiondoa.

Majina nitayaandika kama yanavyosomeka kwenye boksi. Dawa ya mafua na mzio ya chlorpheniramine, ambayo wengi huijua kwa jina la Piriton, pamoja na promethazine, hulevya ubongo wa mzee na kufifisha kumbukumbu. Ndivyo ilivyo kwa amitriptyline inayotolewa kwa maumivu ya miguu na kukosa usingizi, kwa oxybutynin ya mkojo, kwa diazepam, na kwa benzhexol ambayo hutolewa pamoja na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Vidonge vya presha vinavyokojoza, kama bendrofluazide, vinaweza kushusha kiwango cha sodiamu kwenye damu hadi mzee akachanganyikiwa. Glibenclamide inaweza kushusha sukari kupita kiasi, hasa kwa mzee anayesahau kula baada ya kumeza kidonge. Metformin, ikitumika kwa miaka mingi, hupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu wa vitamini hiyo huathiri kumbukumbu na mishipa ya fahamu. Taja pia pombe bila kuona haya, iwe bia, mbege au gongo.

Usimwachishe dawa yoyote wewe mwenyewe. Diazepam iliyotumika kwa muda mrefu ikikatwa ghafla inaweza kuleta degedege, na presha iliyoachwa bila dawa inaweza kuleta kiharusi. Peleka mfuko kwa daktari, naye apange.

Pa kuanzia na njia ya rufaa

Anza na kituo cha afya au hospitali ya wilaya, kwa kuwa vipimo vya mwanzo hupatikana huko na bima nyingi hudai barua ya rufaa. Unayemhitaji baadaye ni daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, wa ubongo na mishipa ya fahamu, au wa afya ya akili. Wa tiba ya wazee ni wachache mno katika ukanda wetu. Yeyote kati ya hao watatu anaweza kutambua demensia akiwa na muda na hamu ya kuishughulikia, na kwa maoni yangu bingwa wa magonjwa ya ndani aliyeko mkoani na anayekusikiliza kwa nusu saa ni bora kuliko bingwa wa jijini anayekuona kwa dakika tano. Kwa Tanzania, ngazi ya juu ya rufaa inajumuisha Muhimbili jijini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi, Bugando jijini Mwanza, Hospitali ya Kanda ya Mbeya na Benjamin Mkapa jijini Dodoma. Kwa Kenya, zipo Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, hospitali ya rufaa ya Moi mjini Eldoret, na hospitali kuu ya rufaa ya Pwani iliyoko Mombasa.

Kuhusu malipo, sera ya Tanzania inawapa matibabu bila malipo wazee wenye umri wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, lakini mzee huhitaji kutambuliwa kwanza na serikali ya mtaa au kijiji, kwa hiyo shughulikia kitambulisho hicho mapema. Nchini Kenya, mfumo wa bima ya afya wa SHA ulichukua nafasi ya ule wa NHIF Oktoba 2024. Hakikisha usajili wa mzee uko hai kabla ya siku ya miadi.

Mzee akikataa kwenda akisema haumwi, usibishane naye. Kutokujua kwamba amepungukiwa ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, si ukaidi. Mwambie anakwenda kupimwa presha, sukari na macho, jambo ambalo ni kweli, kwa kuwa vyote hivyo vitapimwa. Mkabidhi muuguzi daftari lako kabla ya kuingia, ili usilazimike kumsimulia mzazi aibu zake mbele yake kana kwamba hayupo.

Vipimo vya kuomba, na vya kutolipia ovyo

Uchunguzi uanze na masikio na macho. Mzee asiyesikia swali hawezi kulijibu, na nta iliyojaa sikioni au mtoto wa jicho vimewahi kumfanya mtu aonekane amepungukiwa akili. Kisha damu: wingi wa damu, sukari, figo, ini, sodiamu na kalsiamu, homoni za tezi ya thairoidi, vitamini B12, VVU na kaswende. Watoto wengi huona haya kumpima bibi wa miaka 75 vipimo hivi viwili vya mwisho, lakini maambukizi ya zamani yanaweza kushambulia ubongo baada ya miaka mingi na yana tiba. Mkojo upimwe pia. Daktari aulize kuhusu sonona, hasa kwa mjane au mgane wa karibuni: mzee mwenye sonona mara nyingi hulalamikia usahaulifu wake mwenyewe na hujibu "sijui" haraka, ilhali mwenye Alzheimer mara nyingi hudai yuko sawa na hubuni jibu.

Picha ya ubongo inafaa ipatikane angalau mara moja. Kipimo cha CT kisicho na dawa ya kung'arisha picha kinatosha kuonyesha damu iliyovuja, uvimbe, kiharusi cha zamani, au maji yaliyojaa ndani ya ubongo. Hali hii ya maji huleta dalili tatu kwa pamoja, yaani kutembea kana kwamba nyayo zimegandishwa sakafuni, kushindwa kuzuia mkojo, na fikra nzito. Baadhi ya wagonjwa hupata nafuu kubwa wakiwekewa mrija wa kuyatoa. MRI huonyesha zaidi, ikiwemo kusinyaa kwa sehemu za kumbukumbu, lakini kama hali ya fedha ni ngumu na CT imefanyika vizuri, fedha hizo zina matumizi bora. Ripoti ikisema ubongo umesinyaa kulingana na umri, haijathibitisha demensia wala kuikanusha. Kipimo cha umeme wa ubongo, ambacho sehemu nyingine huandikiwa kila mzee, kina maana pale tu panaposhukiwa kifafa au ugonjwa unaokwenda kwa kasi isiyo ya kawaida. Omba nakala ya picha na ripoti zote. Ni mali yako, na zitakuepusha kulipa tena.

Maswali ya kupima akili

Hapa ndipo utambuzi mwingi unapoharibika. Vipimo vinavyotumika sana viliundwa kwa watu waliosoma. Kile cha MMSE, kilichotoka Marekani mwaka 1975, humtaka mtu asome maelekezo, aandike sentensi na anakili mchoro wa maumbo ya pembe tano; kile cha MoCA humtaka achore saa. Bibi ambaye hajawahi kushika kalamu atapata alama za chini hata kama bado anakumbuka madeni ya kijiji kizima. Kwa upande mwingine, mwalimu mkuu mstaafu anaweza kupata alama nzuri huku akiwa tayari ameporomoka mbali na alipokuwa.

Kwa hiyo mweleze daktari kiwango cha elimu na uulize ni kipimo gani kitatumika. Kwa wasiojua kusoma kipo kipimo kifupi cha IDEA, kilichofanyiwa kazi Hai na Nigeria, ambacho hakihitaji kalamu: mzee hukumbuka orodha ya maneno kumi baada ya muda, hutaja wanyama wengi awezavyo, hueleza kazi ya daraja, husema leo ni siku gani, na hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. MoCA nayo ina toleo la wenye elimu ndogo. Vyovyote itakavyokuwa, maswali yaulizwe kwa lugha anayoiotea ndoto. Mzee wa Kisukuma au Kijaluo aliyejifunza Kiswahili ukubwani hupoteza lugha hiyo ya pili mapema, na akipimwa kwayo ataonekana amepungua kuliko alivyo. Kama hakuna mtaalamu anayeijua lugha yake, mkalimani awe mtu wa nje ya familia ikiwezekana, kwa kuwa watoto hawawezi kujizuia kumnong'oneza majibu. Ukiwa ndani ya chumba, nyamaza.

Alama hizo pekee hazitoshi. Mtaalamu makini atakuuliza wewe pia, faraghani, kuhusu mabadiliko ya miaka michache iliyopita, na kama hakukuuliza chochote, bado hujapata utambuzi wa kuaminika.

Jibu liwe na nini

Usiondoke na neno demensia tupu. Omba maandishi yanayotaja aina inayodhaniwa na sababu zake, kiwango cha ukali, magonjwa mengine yaliyothibitika kuwa hayapo, vipimo vilivyotumika na alama zake, na tarehe ya kurudi. Uhakika kamili wa ugonjwa wa Alzheimer kwa kawaida ulitokana na kuchunguza ubongo baada ya kifo, hivyo daktari anayeandika kwamba huenda ni Alzheimer hajashindwa kazi, anasema kweli.

Tafuta maoni ya daktari mwingine iwapo mgonjwa ana umri chini ya miaka 65, hali imeporomoka ndani ya miezi michache, tabia imebadilika kabla ya kumbukumbu, au ameanza kuona visivyokuwepo pamoja na kukakamaa mwili. Hao wa mwisho huenda wana demensia ya miili ya Lewy, na wakipewa haloperidol, dawa ya magonjwa ya akili, ili watulie wanaweza kukakamaa vibaya, kuzama usingizini na hata kufa. Litaje jambo hili kwa kila daktari atakayemwona, hasa wa zamu ya usiku.

Dawa kama donepezil na memantine husaidia dalili kwa kiasi na kwa muda, haziponyi. Anayekuuzia tiba ya kuponya demensia, iwe ya kisasa au ya asili, anakula fedha za matunzo ya mzazi wako.

Maandishi ya daktari yasomwe katika kikao cha ukoo kwa lugha ambayo kila mmoja ataielewa. Katika Kanda ya Ziwa nchini Tanzania na katika kaunti ya Kilifi nchini Kenya wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na bibi anayetangatanga usiku akizungumza peke yake ni rahisi kutuhumiwa. Ndugu na majirani wakijua kuwa anaumwa ubongo, wanakuwa na jibu la kumpa anayenong'ona. Na kama uwezo wake wa kuamua bado upo, huu ndio wakati wa kumwita wakili kuhusu wosia na shamba, daktari akiandika siku hiyohiyo kwamba mzee alielewa alichokitia saini.

Iwapo daktari atasema kumbukumbu imepungua lakini shughuli za kila siku bado anazimudu, hiyo si demensia bado, na wapo wanaobaki hapo kwa miaka au kurudi katika hali ya kawaida. Mrudishe baada ya miezi 6 hadi 12, apimwe kwa kipimo kilekile, kwa lugha ileile, akiwa na miwani yake, na ulete daftari likiwa na kurasa mpya.